Besi Imemeza Magitaa

Ukipita Isevya au Ng'ambo Jumapili mchana, utasikia muziki kabla hujajua unatoka nyumba ipi. Ukisogea, unagundua kilichokuwa kinakufikia ni besi tupu. Bati linatetemeka, vioo vya dirisha vinalia, na mwimbaji anasikika kama aliyefunikwa blanketi. Hili linaniuma, kwa sababu Tabora ni mji wa Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz. Muziki wa bendi za namna hiyo umesimama juu ya magitaa: solo linazungumza, ridhimu linaitikia, besi inatembea chini yao bila kumkanyaga mtu. Utamu wake uko kwenye sauti za kati, na hizo ndizo tunazozitupa.

Wengi wetu hatuhitaji redio kubwa zaidi. Tunahitaji kuifunga vizuri hii tuliyonayo.

Tuanze na namba za dukani. Boksi limeandikwa wati 5,000 PMPO, yaani kilele cha kufumba na kufumbua, mteja anatoa pesa. Geuza kifaa nyuma usome kinakula umeme kiasi gani. Redio inayovuta wati 80 ukutani haiwezi kuipa spika wati 5,000 za kudumu, hata kwa dawa. Namba ya kuulizia ni RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa kwa kudumu. Na hata hiyo isikubabaishe sana: kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 tu za ukali wa sauti, na ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu unahitaji wati karibu mara 10. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza unyeti wa spika, yaani inatoa desibeli ngapi kwa wati moja. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 50 inalia sawasawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 100.

Ila kinachoua vifaa vyetu hasa ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ile alama ya Ω. Mtu ana amplifaya iliyoandikwa nyuma omu 4 mpaka 8, na spika mbili za omu 8, moja kila upande. Mambo yako sawa. Inakuja shughuli ya kipaimara, shemeji analeta spika zake mbili za omu 8, zinachomekwa palepale. Kila upande sasa umeshuka mpaka omu 4, na bado ni salama. Jirani naye anataka kuchangia, zinaongezwa nyingine, na kila upande ukifika spika nne umebaki na omu 2. Hapo amplifaya inavutwa umeme mwingi kuliko ilivyoundwa kutoa. Inachemka, inazima katikati ya shughuli, na isipokuwa na kinga, transista zake zinaungua. Spika zikizidi, mwite fundi aziunge mfululizo, umeme upite moja kisha nyingine: mbili za omu 8 zinakuwa 16. Sauti itapungua kidogo lakini mashine itapona.

Wengi pia wanaamini spika huunguzwa na amplifaya kubwa. Mara nyingi muuaji ni amplifaya ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ikiishiwa nguvu inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na mkwaruzo unaozaliwa hapo unaishia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ambayo koili yake ni nyembamba sana. Ukisikia sauti inakwaruza, rudisha nyuma palepale, hata kama wageni wanapiga kelele uongeze.

Nyaya nazo zina neno. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, ukivutwa mita 10 kutoka amplifaya, unaongeza karibu omu 0.7 kwenda na kurudi. Kwa spika ya omu 4 hiyo si ndogo. Nunua wa 2.5. Kisha hakikisha nyekundu imeenda nyekundu pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja ukigeuzwa, spika moja inasukuma hewa huku nyingine inavuta, na besi inapotea. Kama alama zimefutika, chukua betri ya tochi ya volti 1.5, toa waya za spika kwenye amplifaya, gusisha ncha zake kwenye betri kidogo tu uangalie koni, ule uso wa spika unaotikisika. Ikiruka nje, waya uliogusa chanya ndio wa nyekundu.

Halafu kuna kitambaa cha kufuma. Najua mama au shangazi amekifuma kwa mkono na sebule bila kitambaa hicho haijakamilika, lakini kikitandikwa juu ya amplifaya kinaziba matundu ya kutolea joto, na joto la Tabora la Septemba na Oktoba halihitaji msaada. Kiwekwe juu ya kochi. Amplifaya nayo iachiwe nafasi ndani ya kabati, isibanwe na dekoda.

Sebule zetu ni ngumu kwa sauti: saruji ukutani, vigae chini, jipsamu juu. Sauti inadunda kila mahali na maneno yanachanganyikana. Zulia na mapazia mazito yanasaidia kuliko sabufa mpya. Zitoe spika ukutani kama nusu mita, kwa sababu kona inaongeza besi, twita ziwe usawa wa masikio ya aliyeketi, na umbali kati ya spika mbili ulingane na umbali wa kila moja mpaka kwako.

Sabufa iache ya mwisho. Izime kabisa, weka wimbo wa magitaa unaoujua neno kwa neno, kisha ifungue taratibu mpaka besi ianze kutembea. Gitaa la ridhimu likianza kufifia, umeshapitiliza, rudi kidogo.