Niacheni Niliguse Bakuli

Kibao kilikuwa kidogo, kimechapwa kwa herufi nyekundu na kusimamishwa katikati ya meza: TAFADHALI USIGUSE. Nyuma yake kulikuwa na bakuli la mzeituni ambalo kuta zake zilikuwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Nilirudisha mikono mfukoni kama mtoto aliyekemewa. Macho hayana pazia, kweli, lakini sikuomba ruhusa ya siku tatu nije kutazama tu.

Hili lilikuwa kongamano langu la tatu la kitaifa la wakereza mbao, sisi tunaochonga mbao ikizunguka kwenye mashine iitwayo kerezo, na kila nikirudi huwa na malalamiko yaleyale. Basi safari hii nayaandika. Kutazama naweza hata nikiwa kitandani, simu kifuani. Video za ukerezaji zimejaa kwenye intaneti, nyingine nzuri kuliko maonyesho ya jukwaani. Kinachoniondoa nyumbani ni kile ambacho simu haiwezi kunipa: uzito wa kitu mkononi, mlio wa patasi, na mtu wa kuniambia kiwiko changu kimekaa vibaya.

Nianze na bakuli. Ukiweka kidole gumba nje na vingine ndani, ukavishusha taratibu kutoka ukingoni hadi kitakoni, vidole vinakusomea kazi nzima. Pale ukuta unaponenepa ghafla, fundi aliogopa kuendelea. Penye kibonde kidogo kisichoonekana, bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, iliruka. Halafu kuna zile sehemu mbili za kila bakuli lililokatwa kwa kulaza nyuzi za mbao, ambako nyuzi husimama na kukutana na makali kichwa kwa kichwa. Hapo ndipo mbao hunyofoka. Msasa na mafuta huweza kulidanganya jicho, lakini ukipitisha kidole utahisi ulimi wa paka. Ukilipindua ndiyo utaona mengi zaidi, maana chini ndiko wavivu tunakojificha: alama za taya za kishikio kinachoibana mbao kwenye kerezo, tundu la skrubu lisilozibwa vizuri, kitako kilichoachwa kizito kwa sababu siku ilikuwa imekwisha.

Hata shavu lina kazi. Mbao ambayo bado ina maji ndani huwa ya baridi ukiigusisha shavuni. Wengi wetu hukereza bakuli mara mbili. Kwanza likiwa bichi, unaliachia ukuta mnene wa karibu sehemu moja ya kumi ya upana wake, yaani sentimita 3 kwa bakuli la sentimita 30, unalipaka nta, unalisahau kwenye rafu miezi kadhaa mpaka uzito wake uache kupungua. Mbao husinyaa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji wa mti karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kitovu cha gogo, kwa hiyo bakuli uliloliacha duara utalikuta yai. Ule unene wa ziada ndio unaokuwezesha kulirudishia uduara. Kuna mtu aliyeleta bakuli mezani kabla halijamaliza kukauka. Najua, kwa sababu nilivunja amri nikaliweka shavuni wakati msimamizi amegeuka. Samahani, msimamizi.

Maonyesho ya jukwaani nayo yana shida ileile. Ukumbi mkubwa, kamera juu ya kerezo, skrini mbili, na fundi mashuhuri akiongea kwa dakika 90. Aliyekaa nyuma anaona skrini. Wengi huwahi viti vya katikati kwa ajili ya kuona vizuri. Mimi hukaa mbele pembeni, kule maranda yanakoangukia, kwa ajili ya kusikia. Makali yaliyonolewa hunong'ona, na maranda hutoka marefu kama utepe. Yakiwa butu, mlio hukwaruza na badala ya utepe unapata vumbi. Tofauti hiyo kipaza sauti huimeza yote.

Siku ya pili fundi mmoja alikuwa anachimba ndani ya bakuli huku akitusimulia habari za mwalimu wake. Mimi niliusikia mlio ukipanda kabla yeye hajanyamaza. Paa! Nusu ya ukingo iligonga kinga ya waya na ukumbi ukazizima. Alizima mashine, akainua kinga ya uso, akacheka, akaokota kipande na kukipima mbele yetu: milimita 6 upande mmoja, milimita 2 upande mwingine. Kisha akakipitisha kwa watu, mkono kwa mkono, mpaka safu ya mwisho. Hakuna aliyesinzia tena. Sijui kwa nini waandaaji walimwomba radhi kila mtu baadaye, wakati ile robo saa ilikuwa bora kuliko ratiba yao nzima.

Kazi hii tangu zamani ni ya watu wanaokaa karibu. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, la miaka kama 300 kabla ya Kristo, kuna picha ya kerezo lenye watu wawili: mmoja anavuta kamba mbao izunguke, mwenzake ameshika chombo cha kukatia. Hapo hakuna mtazamaji.

Kwenye kongamano letu kulikuwa na kumbi nne za maonyesho kwa wakati mmoja, na makerezo mawili tu ya washiriki kujaribia, yamesukumwa kwenye kona karibu na mlango wa kupakulia mizigo. Orodha ilijaa asubuhi ya kwanza. Mimi nilipata dakika 20 jioni, na mzee aliyekuwa akisimamia kona ile, mtu asiye na jina kwenye bango lolote, aliniacha nikate kidogo kisha akauliza:

"Kijana, kiwiko chako kiko wapi?"

"Hiki hapa, mzee."

"Kibane ubavuni. Sasa egemeza mgongo wa makali kwanza, usikate. Inua mpini polepole mpaka yaanze kula. Ukishaona utepe, sogeza kiuno, mkono uache."

Maneno hayo nimeyasoma mara nyingi. Mwili wangu uliyaelewa alipoweka kiganja chake juu ya changu na kunisukuma nyonga kwa goti.

Ninaelewa hofu ya wenye vyombo. Pete ya kidoleni inaweza kuchubua kazi ya miezi, na chombo chenye ukuta wa milimita mbili kikidondoka hakuna cha kuokota. Basi mwenye kazi aamue mwenyewe. Anayekataa aweke kibao chake, anayekubali aache mezani wazi, na mlangoni tuvue pete na saa. Ila kufunga meza nzima kwa ajili ya vyombo kumi vinavyoogopewa ni kutunyima sote. Na mtupunguzie ukumbi mmoja wa jukwaa, mtuwekee makerezo sita mahali pake.

Siku ya mwisho niligeuza kikaratasi kilichokuwa mbele ya bakuli langu, nikaandika nyuma yake: Guseni, pindueni, semeni. Kwa saa nzima watu walisoma, wakatabasamu, wakapita. Kisha akaja mama mmoja, akavua pete bila kuambiwa, akalichukua. Alilipima uzito, akalipindua, akapitisha kidole gumba chini ya ukingo mzunguko mzima, akarudi nyuma kidogo na kusimama.

"Hapa ulichoka," akasema.

Nikaweka kidole changu palepale.