Chuma kikikushinda leo, keshokutwa utanyanyua nini?

Kila ukumbi wa mazoezi una mtu wake anayeamini kwamba seti, yaani mfululizo mmoja wa kunyanyua kabla ya kupumzika, haijaisha mpaka chuma kimshinde. Anasukuma hadi mikono inatetemeka, mwenzake anamdakia, anapumzika dakika mbili kisha anarudia yale yale. Watu humsifia kwa bidii. Mimi naona anatumia leo nguvu ambazo angezihitaji keshokutwa.

Tuseme uzito fulani unaweza kuunyanyua mara 10 tu, ya 11 haipandi. Unaweza kufanya seti 3 za mara 10, kila moja ukiimaliza huna kitu. Au ukafanya seti 6 za mara 5, kila moja ukiiacha ungali na nguvu. Hesabu ni ile ile, mara 30. Watafiti wamewahi kulinganisha mipango hiyo miwili, na waliokwenda hadi kushindwa walichelewa kurudi katika hali yao: saa 24 hadi 48 baadaye uchovu ulikuwa bado unaonekana. Kazi sawa, ila mmoja yuko tayari na mwingine bado.

Sababu iko kwenye zile mara mbili tatu za mwisho. Hapo chuma kinapanda polepole, nyuzi zote za msuli zimeitwa kazini, na mabaki ya kemikali yanayotokana na kuchoma nishati haraka yanazidi kurundikana. Kalsiamu, ambayo ndiyo huuambia msuli ujikunje, haitoki tena vizuri, na hitilafu hiyo inaweza kuendelea muda mrefu baada ya pumzi kutulia. Wengi huisingizia asidi ya laktiki. Hiyo huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo maumivu ya kesho yake si yake.

Na hayo maumivu yenyewe hayapimi ubora wa mazoezi. Huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72, na huletwa hasa na zoezi geni au kushusha uzito polepole. Rudia zoezi lile lile wiki ijayo, utaumia kidogo hata kama umejituma vile vile. Anayejisifu kwamba ngazi zimemshinda kupanda anajisifia ugeni tu. (Ila mkojo ukitoka na rangi ya kahawia iliyokolea baada ya mazoezi makali, hapo hakuna mjadala, wahi hospitali.)

Sisemi ufanye mazoezi ya kubembeleza. Anayetaka msuli ukue lazima aukaribie ukomo wake, hasa akitumia uzito mwepesi. Hata theluthi ya uzito wako wa juu kabisa inaweza kukuza msuli kama ile mizito, lakini mpaka uisukume karibu na mwisho. Ukiiacha katikati umepunga hewa. Ninachokataa ni kufanya ukomo kuwa desturi ya kila seti, kila zoezi, kila siku. Kwa skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani) na kunyanyua chuma kutoka sakafuni, ambako mgongo, nyonga na miguu vyote vinatozwa kwa pamoja, mimi huacha nikiwa bado na uwezo wa kunyanyua mara mbili au tatu. Kwa dambeli ya mkono, seti ya mwisho ya siku, nenda hadi ikatae ukitaka. Gharama yake ni ndogo.

Ratiba nayo ina neno. Mwenye kufanyia miguu mazoezi mara moja kwa wiki anaweza kuimaliza kabisa, ana siku sita za kuirudisha. Mwenye kuifanyia mara tatu hana anasa hiyo, na mara nyingi hao ndio wanaolalamika kwamba hawaendelei huku wakiongeza juhudi badala ya kulala.

Kukadiria umebakiza ngapi ni kazi kwa anayeanza. Wengi hudhani wamefika mwisho kumbe bado wana tatu au nne. Kwa hiyo angalia mwendo wa chuma: kikianza kupunguza kasi wakati wewe unasukuma kwa nguvu zote, umekaribia. Kisha siku ya zoezi linalofuata, pandisha uzito ule ule kwenye seti ya kwanza. Ukipanda kwa wepesi wa mara iliyopita au zaidi, endelea na mpango. Uzito huo ukikuelemea ingawa ulilala vizuri, punguza seti siku hiyo kabla hujaanza kulaumu chakula.