Vigae vya Dufile ni ushahidi wetu

Juzi nilimsindikiza mpwa wangu kutafuta kitambulisho. Afisa akamuuliza, "Nyinyi Wanubi asili yenu ni wapi hasa?" Kijana kazaliwa Kibera, mamake Kibera, nyanyake Kibera. Akanigeukia mimi. Nikanyamaza, na hadi leo naumia, maana jibu ninalo.

Jibu liko Dufile, ukingo wa magharibi wa Mto Nile, kaskazini mwa Uganda. Hapo ndipo meli za mvuke Khedive na Nyanza zilipoungwa, kwa kuwa maporomoko ya Fola hayapitiki. Limebaki tuta la udongo na handaki lake, na upande mmoja mto wenyewe ndio ukuta. Vitabu vinaiita ngome ya Emin Pasha. Haya, alikuwa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya Misri. Lakini mwaka 1888 askari wake, hao babu zetu Wanubi, walimwasi wakamfungia mumo humo, na handaki lile hakulichimba yeye.

Ndiyo maana uchimbaji wa mambo ya kale alioongoza mwanaakiolojia Merrick Posnansky mwaka 2006 na 2007 nauthamini kuliko shajara zote za magavana. Mwenye shajara huandika anachotaka kisomwe. Aliyepika uji wa kikosi kizima hakuandika kitu; alivunja chungu, akatupa vipande, akaenda kuteka maji. Ukienda kaskazini mwa Uganda utaona mfinyanzi anavyoviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, mistari midogo ikabaki imelala sambamba. Chungu kikivunjika, mistari ile haifutiki. Kigae kama hicho mkononi ni mwanamke: Mmadi, Mwacholi, Mbari, Mlugbara. Ndio mama zetu. Na sitaficha kwamba ngome hizi zilipora ng'ombe na watu wa majirani, na wengi wa mama hao hawakuingia kwa hiari. Kwa hiyo nataka watajwe wao kwanza, kabla ya pasha yeyote.

Wabelgiji walikuja kukaa Dufile baadaye, 1902 hadi 1907. Hao wana kumbukumbu zao.

Askari wa Emin waliobaki, afisa Mwingereza Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, mwaka 1891, akawaleta Uganda; kutoka hapo ni KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kisha Kibera. Hati ya ardhi yetu ya Kibera, ekari 288, ilitolewa 2017, na bado kijana wetu anaulizwa atokako.

Jumanne tunarudi ofisini. Nimemchorea ramani kwenye karatasi ya daftari: Dufile, Kavalli, Kampala, Kibera. Safari hii nitasema mimi.