Semeni Dawa Zimekwisha

Shangazi yangu anatumia vidonge vya presha. Juzi juzi alikwenda kituo cha afya kuchukua vya mwezi, akafika dirishani, kijana wa dawa akamwambia kwa adabu kabisa, "Mama, kwa sasa tuna changamoto ya hiyo dawa." Shangazi akashukuru, akarudi nyumbani. Vidonge vichache alivyobaki navyo akavitia kwenye bahasha, akaacha kuvimeza. Yeye alichoelewa ni kwamba dawa ile imegundulika ina kasoro na wataalamu wanaichunguza. Nilipokwenda kumsalimia nikamkuta amejifunga kitambaa kichwani, kichwa kinamgonga, anasubiri redio itangaze kama dawa ni salama.

Dawa ilikuwa imekwisha, basi. Duka la ng'ambo ya barabara wanayo.

Nimekasirika tangu siku hiyo. Kijana yule simlaumu sana, kwa sababu anasema anavyosikia wakubwa zake wakisema. Nalilaumu neno lenyewe, changamoto, na zaidi nawalaumu waliolizoesha kukaa mahali pa kila neno. Maji hayatoki siku nne, changamoto ya maji. Daraja limekatika, changamoto ya miundombinu. Mishahara imechelewa, changamoto ya kifedha. Mtoto hana dawati, changamoto ya madawati. Mume anampiga mkewe, nyumba ina changamoto. Hata marehemu siku hizi haumwi. Tunaambiwa msibani kwamba alipata changamoto ya kiafya.

Hii ni lugha ambayo ina uhaba, upungufu, ukosefu, kasoro, dosari, hitilafu, kikwazo, kero, adha, dhiki, tatizo na shida. Kila moja lina mahali pake. Upungufu wa maji maana yake maji yapo lakini hayatoshi, kwa hiyo jaza ndoo yanapotoka. Ukosefu maana yake hayapo, katafute kisima. Hitilafu maana yake kuna kitu kimeharibika na fundi anahitajika. Mtu akisikia neno sahihi anajua afanye nini asubuhi. Akisikia changamoto, anabaki na ndoo yake mkononi.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo la ndoo. Angalia Kiswahili kinavyoumba maneno ya maovu. Wizi una mwizi. Uzembe una mzembe. Ubadhirifu una mbadhirifu, ulanguzi una mlanguzi, uonevu una mwonevu. Ukitaja tendo tu, tayari mtu amesimama nyuma yake, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Changamoto haina mtu. Inatokea, inajitokeza, inaibuka, halafu "inafanyiwa kazi", na hatuambiwi nani anaifanyia. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu inapotoka kila mwaka, vichwani mwetu inasomeka hela zimeliwa. Ikishapita mikononi mwa wasemaji inakuwa changamoto katika usimamizi wa fedha. Fedha ni zile zile. Aliyekula ndiye ametoweka kwenye sentensi.

Nchi hii haikuanza hivi. Uhuru ulipopatikana, Mwalimu Nyerere alitaja ujinga, umaskini na maradhi akaviita maadui. Adui unapigana naye. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi kwamba tumeonewa, tumenyonywa na tumepuuzwa, na mkulima asiyejua kusoma alielewa kwa sababu vitenzi hivyo alikuwa amevipata mgongoni mwake. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, walioficha bidhaa waliitwa walanguzi na wahujumu uchumi. Katika msako ule wapo watu walioumizwa bila haki, hilo nalikubali. Lakini hakuna aliyetoka mkutanoni akiwa hajui kinachozungumzwa. Leo hata zile tulizozizoea kwa jina la kero za Muungano, watu wameketi wakaona neno kero linachoma, sasa tunaandikiwa changamoto na hoja. Kero ikiitwa hoja, anayekereka naye ataitwa nani?

Mtaani bado wanajua kusema. Umeme ukikatwa kwa zamu watu wanasema mgao, na mgao unaeleweka: leo sisi, kesho nyinyi. Mradi ukijengwa kwa bei ya ajabu wanasema tumepigwa. Wako wanaolalamika kwamba vijana wanaharibu Kiswahili kwa misemo ya vijiweni. Mimi vijana hawajanikera hata kidogo. Kijana anayesema tumepigwa ametaja tendo, ametaja aliyeumia, na kila mtu anajua wa kumtafuta. Msomi aliyevaa tai akasema kuna changamoto kwenye mchakato wa manunuzi hajataja chochote.

Najua nitajibiwa kwamba neno lina heshima, linapunguza makali, halimvunji mtu moyo. Kwa kiasi, sawa. Mtu anayejiandaa kupanda Kilimanjaro, mwanafunzi aliyepewa hesabu ngumu kuliko darasa lake, timu ndogo iliyopangiwa Simba au Yanga, hao wana changamoto kwelikweli: jambo linalowaamsha wajipime nguvu. Hapo neno liko nyumbani kwake na silitoi.

Ila heshima isitumiwe kama kisingizio. Siku hizi naambiwa nisiseme kiziwi, niseme mtu mwenye changamoto ya usikivu. Viziwi wa Tanzania wana chama chao, CHAVITA, na kirefu chake ni Chama cha Viziwi Tanzania. Wenyewe wamejiita hivyo hadharani. Wewe unayesikia vizuri umepata wapi mamlaka ya kulionea aibu jina lao? Wanachodai ni wakalimani wa lugha ya alama hospitalini na kwenye taarifa ya habari, na hilo ni dai. Mwite kiziwi, mletee mkalimani.

Mengine nitayapitia haraka. "Nyimbo hii" inaniuma, wimbo mmoja ni wimbo huu. "Lisaa limoja" sijui limetoka wapi na sitaki lizoeleke. "Masaa" nimeyaachia, wanaoyasema ni wengi mno. "Imepelekea kifo" wakati imesababisha ipo. Na "zoezi": zoezi la kupiga kura nalivumilia, lakini juzi makaburini mshereheshaji ametangaza tunaanza zoezi la kuaga mwili wa mama yetu, watoto wake wamesimama pale wanalia. Yule ni mama. Sema tunamuaga mama.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitambua mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunapanda majukwaani kuisifu lugha hii kwa utajiri wake. Nami nausifu. Lakini utajiri usiotumika unapotea, na mtoto anayekua akisikia neno moja kwa kila baya hatajifunza kutofautisha uhaba na wizi wa kilichokuwepo.

Ndiyo maana ombi langu haliendi kwa Baraza la Kiswahili wala kwa walimu, ambao wana mizigo yao ya kutosha. Linakwenda kwa waandishi wa habari na wahariri. Nyinyi ndio mnashika kipaza sauti. Mkuu akisema kuna changamoto ya dawa, msiandike hivyo mkafunga daftari. Muulizeni ni dawa gani, imekwisha tangu lini, iliagizwa au haikuagizwa, na nani alikuwa na dhamana ya kuiagiza. Akirudia kusema ni changamoto na inafanyiwa kazi, andikeni kwamba aliulizwa hakujibu. Wenye vidonge vitatu vilivyobaki watajua kwamba waende duka la ng'ambo.