Daraja la Kinshasa na Brazzaville: nani hasa atavuka?

Kabla ya Wafaransa kushika ukingo mmoja na Wabelgiji mwingine, Wateke, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wakifanya biashara pande zote mbili za Pool Malebo, sehemu pana kama ziwa ya mto Kongo inayotenganisha Kinshasa, mji mkuu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (DRC), na Brazzaville, mji mkuu wa Jamhuri ya Kongo. Leo Kilingala kinasikika Kinshasa na Brazzaville vilevile, na rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2021 kwa jina la nchi zote mbili. Boti ya mwendokasi huvuka kwa muda usiozidi dakika ishirini. Daraja ndilo halipo.

Mpango wake ulipigiwa debe sana mwaka 2018 na Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na Africa50, mfuko wa uwekezaji wa miundombinu barani: mita 1,575, la kulipia, lenye reli moja, barabara ya njia mbili, njia za waenda kwa miguu na kituo kimoja cha mpaka kila upande.

Hoja ya wanaolitaka ni bahari. Meli kubwa hazifiki Matadi, bandari ya DRC iliyo mtoni, kwa sababu mto hauna kina cha kutosha, hivyo shehena nyingi ya Kinshasa huhamishiwa kwenye meli ndogo huko Pointe-Noire, bandari ya baharini ya Jamhuri ya Kongo. Reli ya Congo-Océan kati ya Pointe-Noire na Brazzaville, iliyokamilika mwaka 1934 kwa gharama ya maisha ya maelfu ya vibarua wa kulazimishwa, ina upana wa milimita 1,067, sawa na reli za upande wa pili. Behewa lingeweza kuvuka bila kupakuliwa. Kipande cha Kinshasa hadi Ilebo kikijengwa, njia inaungana na reli ya Lubumbashi, kusini-mashariki mwa DRC.

Kongo Central, jimbo la DRC lenye bandari zake, hawalitaki, na si kwa wivu. Ushuru na ajira za Matadi na Boma zinategemea mzigo huohuo, na bandari ya kina kirefu ya Banana, kwenye mdomo wa mto, ndiyo kwanza iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2022. Kufungua njia ya Pointe-Noire kabla Banana haijasimama ni kumpa jirani wateja ambao huenda wasirudi. Kwa maoni yangu hoja hii inatosha kuamua kipi kitangulie, lakini haitoshi kuufuta mradi.

Kuna jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno. Daraja halitakuwa mjini. Pool ni pana mno na chini yake kuna maporomoko, kwa hiyo wahandisi walichagua Maluku, zaidi ya kilomita 60 juu ya mto, mahali mto unapobanwa. Reli inayoishia Brazzaville italazimika kurefushwa hadi huko. Lori la kontena halitajali umbali huo. Mchuuzi wa vitenge atajali: kwenda tu, yaani kupanda hadi Maluku na kushuka upande wa pili, ni zaidi ya kilomita 120, pamoja na tozo, badala ya kuvuka maji moja kwa moja. Wafanyabiashara wenye ulemavu, ambao kwa miaka mingi wamejipatia riziki kwenye vivuko kwa punguzo la nauli na ushuru, hawana nafasi yoyote katika hesabu za daraja.

Kwa watu hawa kikwazo ni karatasi, tozo za bandarini na hofu ya kufukuzwa. Mwaka 2014 operesheni ya polisi wa Brazzaville iliwarudisha ng'ambo zaidi ya raia 130,000 wa DRC. Kibali cha kuvuka chenye bei moja iliyobandikwa ukutani, na haki ya ukaazi iliyoandikwa katika mkataba, vingeweza kuanza kutumika kwenye vivuko vya sasa hata kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa Maluku.