Nilivyoziba tundu la rejeta kwa dole gumba

Mama mkwe alinikuta nimeinama, dole gumba limeziba tundu ukutani, maji meusi yananichuruzika kutoka kiganjani hadi kwapani. Yeye yuko Tanga, mimi niko Leicester, na katikati yetu kuna simu ya mke wangu ambayo kamera yake ilikuwa imenielekea mimi.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mbona umeinama?"

Nirudi nyuma kidogo. Ilikuwa Jumapili, tarehe 11 Desemba 2022. Usiku wa kuamkia siku hiyo Harry Kane alikuwa amepaisha penalti juu ya mtambaa panya, Ufaransa wakawatoa Uingereza 2-1 kule Qatar, na mtaa wetu ulikuwa kimya kama pana matanga. Baridi ilikuwa imeshuka chini ya sifuri tangu katikati ya wiki, madirisha yanatoka jasho kwa ndani. Na rejeta ya sebuleni (siyo ya gari, nasema lile bati la ukutani linalopitisha maji ya moto ili binadamu asigande) ilikuwa chini moto, juu baridi kama soda ya dukani.

Aliyekaa huku anajua maana yake: imeingia hewa. Dawa yake ni rahisi. Unachukua kifunguo kidogo cha shaba, unalegeza skrubu iliyoko pembeni kwa juu, hewa inatoka ssss, ukiona tone la maji unakaza. Mtoto wa darasa la nne anaweza.

Ningeweza kumwita fundi. Sikumwita kwa sababu ya waziri mkuu wa zamani, Liz Truss.

Nielewe vizuri. Nyumba tuliinunua Januari 2021 kwa mkopo wa pauni 160,000, riba haifiki asilimia mbili, imefungwa kwa miaka miwili. Kila mwezi natoa pauni 670, najiona mjanja, mpaka nikawa nawashauri watu harusini. Tarehe 23 Septemba 2022 serikali ya mama yule ikatangaza kupunguza kodi kwa mabilioni bila kusema pengo litazibwa na nini. Pauni ikaporomoka, na benki zikaanza kuondoa mikopo ya nyumba sokoni kama wamachinga walioona mgambo anakata kona. Uwaziri mkuu wake ulidumu siku 49. Gazeti moja liliweka saladi mbele ya kamera lione nani atanyauka kwanza, na saladi ikashinda. Tulicheka sana. Tulicheka mpaka ilipokuja barua ya benki kwamba kuanzia Januari tutalipa karibu pauni 980. Nyumba ile ile, ya matofali ya zama za Malkia Victoria, na ukungu wake nyuma ya kabati ule ule.

Sasa mtu mwenye barua ya namna hiyo mfukoni hamwiti fundi bomba, ambaye huku anakutoza kwa kubisha hodi tu, kabla hata hajafungua boksi la spana. Nikanunua kifunguo kwa pauni mbili, nikafungua video ya dakika nne. Dakika ya kwanza niliiruka, jamaa alikuwa anaeleza habari za kuzima mtambo na kusubiri upoe. Nani ana muda huo?

Halafu nikaongeza na ujuzi wangu. Video ilisema ukishatoa hewa, geji ya presha ya boila (ule mtambo unaopasha maji ya rejeta) itashuka, kwa hiyo uende ukafungue vikoki viwili vyeusi chini ya boila, maji yaingie kidogo, uvifunge. Mimi nikaona huko ni kupanda na kushuka bure. Nikavifungua mapema kabisa, nikaviacha wazi, nikarudi sebuleni nikiwa nimeokoa safari moja.

Zai, binti yangu wa miaka sita, alisimama pembeni na mdoli wake akitazama. Nikalegeza skrubu. Ssss. Sauti tamu, nakwambia. Nikalegeza tena. Kwa kuwa inaimba vizuri hivyo, nikaendelea kulegeza, kama mtu anayefungua kizibo cha chupa ya mafuta, mpaka skrubu yote ikatoka mkononi. Nikaiweka pazuri isipotee, maana fundi mzuri hatupi vitu ovyo.

Hewa ikaisha. Yakaja maji.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba maji ya rejeta ni meusi. Yamekaa humo miaka na miaka yakitafuna chuma, yametoka meusi kama wino wa ngisi, yananuka kama sarafu iliyoshikwa siku nzima. Yakaruka mita mbili, yakapiga pazia, yakateremka kwenye kapeti. Waingereza wanatandika kapeti kila mahali, aliyetuuzia nyumba alikuwa nalo mpaka chooni, na la sebuleni ni rangi ya maziwa. Nikaziba tundu kwa dole gumba. Yakatokea pembeni ya dole, membamba, makali, kama mtoto anayechezea mpira wa kumwagilia bustani.

"Mama Zai! Taulo! Na tafuta skrubu, imedondoka!"

Ndipo mke wangu akaja mbio, simu mkononi, na mama yake ndani ya simu.

"Baba Zai, umefanya nini?"

"Si mfunge maji kwenye mita?" akauliza mama mkwe.

"Mama, mambo ya huku ni tofauti," nikamjibu kwa sauti ya mtaalamu, maji yakinitoka kwenye nyusi. "Haya siyo maji ya bomba, ni mfumo unaojitegemea."

"Haya. Nyie ndio mnajua."

Mke wangu akapiga magoti akaanza kupapasa chini ya kochi. Akapata shilingi, nusu ya biskuti na hereni aliyoililia tangu Idi.

"Baba," akasema Zai.

"Subiri mama, wakubwa wanahangaika."

Mlango ukagongwa. Ni mzee wa nyumba ya pili, amevaa kandambili za manyoya na koti juu ya nguo za kulalia. Huyu bwana tumepakana ukuta mmoja miaka miwili na siku zote salamu yake ni hali ya hewa tu. Leo amekuja kutuarifu kwamba kile kibomba cha shaba kinachotokeza ukutani kwetu kinamwaga maji uchochoroni, na uchochoro umeshakuwa barafu. Alipoingia akaniona. Akasimama, akaitazama rejeta, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeona gari la jirani limepigwa mawe.

"Hizi nyumba," akasema, "hawakuzijenga kwa mambo haya."

Sasa mke wangu ni mtu wa Tanga. Mgeni ameingia. Hata kama nyumba inazama, mgeni atapewa chai. Akaacha kutafuta skrubu, akaenda jikoni. Mzee akaketi upande mkavu wa kochi, na mimi niko pale pale, naziba.

Nimejifunza jambo moja kuhusu Waingereza. Hawatakwambia ndoa zao zina shida, hawatakwambia mshahara. Ila ukiwa na boila mbovu umepewa ufunguo wa moyo wao. Miaka miwili ya kimya ilifunguka kama skrubu yangu. Alianza na Kane. Akasema mtu aliyeshapiga moja ikaingia alipaswa kumwachia mwingine ya pili. Kutoka hapo akahamia kwenye halmashauri: je, najua kwamba kodi yao ya nyumba bado inatumia thamani ya Aprili 1991? "Mwaka 1991," akasema, "hii yako ilikuwa na paa zima." Akaja kwenye migomo, treni zinagoma, posta inagoma, Alhamisi wauguzi wanagoma. "Usiugue Alhamisi," akaniusia.

"Na waziri mkuu huyu ni wa tatu mwaka huu," nikasema.

Sijui maneno yalitoka wapi. Siku zote nilikuwa nawacheka watu wanaolalamika namna hiyo kwenye vituo vya basi. Lakini dole limekufa ganzi, goti liko ndani ya dimbwi, na barua ya benki iko mezani inanitazama. Nikamweleza riba yangu. Akapiga mluzi. Akaniambia yeye alinunua ya kwake 1974 kwa bei ambayo leo hupati bafu, kisha akaona aibu kidogo, akanywa chai.

"Serikali si imetupa pauni 67 mwezi huu za kusaidia umeme?" nikasema kwa kumpoza.

"Ndiyo. Na wewe zako unazimwaga uchochoroni."

"Baba," akasema Zai.

"Zai, adabu. Babu anaongea."

Mama mkwe, ambaye mke wangu alikuwa amemwegesha kwenye kabati la vyombo ili asikatike, akauliza huyo mzungu anasema nini. Nikamtafsiria. Akasema na kwao tozo zimezidi, na luku ya umeme haikai. Nikamtafsiria mzee. Mzee akasema anamwelewa kabisa. Wakapungiana mikono.

Dakika ishirini na tano. Nazijua kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa mbele ya pua yangu. Mara mzee akakumbuka kwamba pembeni ya rejeta huwa kuna koki mbili, moja kila upande, ukizifunga maji yanakatika. Koki ya kushoto ina namba, akaizungusha mpaka sifuri. Ya kulia inataka spana. Spana yake amemwazima mkwewe wa Derby. Hapo ikabidi aeleze habari za mkwewe wa Derby.

"Baba!" Safari hii Zai alipiga kelele, machozi yanamlengalenga. "Baba, uliiweka mfukoni!"

Kimya. Hata mkwe wa Derby aliachwa hewani. Mke wangu akanyoosha mkono polepole, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati langu, upande wa moyo, akaitoa skrubu. Akainyanyua kwenye mwanga. Kisha akaigeuza ili na mama yake aione vizuri.

Kuirudisha ilibidi nitoe dole. Sitaeleza sana. Mzee alikuwa ameketi upande mkavu wa kochi, na baada ya hapo upande mkavu haukuwepo. Lakini skrubu ilishika. Mzee akajifuta miwani, akamaliza chai iliyoingia wino, akauliza kwa upole kama ni mimi niliyefungua vile vikoki vya chini ya boila, maana kile kibomba cha nje bado kinamwaga.

Nilivifunga. Haikusaidia. Kumbe mfumo ulikuwa umejazwa kupita kiasi, valvu ya usalama ikafunguka kunusuru boila, na ilipofunguka ikagoma kurudi. Geji ikalala kwenye sifuri, boila ikazima. Usiku wa Jumapili na wa Jumatatu tulilala watu watatu kitanda kimoja, na makoti, na soksi za viganjani, tukitoa moshi mdomoni kama treni ambazo zilikuwa zinakaribia kugoma.

Jumanne akaja fundi. Kijana mpole, penseli sikioni. Aliitazama boila, akavuta hewa kwa meno, nikajua bei imeongezeka hapo hapo. Pauni 180, valvu mpya ndani yake. Akasema kosa la kwanza lilikuwa kuacha vikoki wazi, maji ya bomba yakawa yanaingia muda wote. "Ungefunga tu maji ya nyumba nzima," akasema, "ingetulia baada ya dakika chache."

Nilimwangalia mke wangu. Mke wangu alikuwa tayari anabonyeza simu kumpigia mama yake.

Kisha fundi akauliza lile swali ambalo mafundi wa Tanga na wa Leicester lazima wamefundishwa chuo kimoja: "Nani alishika hapa kabla yangu?"

"Wenye nyumba wa zamani," nikasema.

Zai akavuta pumzi, akafungua mdomo. Nilikuwa nimejiandaa. Chokoleti ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo, na hiyo sikuisahau.