Steshenari za Ngamiani, Tanga, zihamie Linux

Dada mmoja alifika na flashi yenye barua ya maombi ya kazi na vyeti vyake. Alitaka kuprinti tu. Kompyuta ya steshenari ikageuza kila faili kuwa shotikati (njia ya mkato tu, si faili lenyewe), na muda wa kutuma maombi unamkimbia. Fundi akaitwa, akatazama, akasema: "Dada'angu, Windows 10 imeshakwisha muda wake. Nunueni mashine nyingine." Nimeondoka pale na hasira hadi leo.

Tuambiane ukweli kuhusu hizi Windows tunazopigiwa mtaani. Fundi anakuja na flashi yake, anazima antivirusi ili kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, ipite, anachukua chake, anakwenda zake. Aliyeitengeneza hiyo kraki hatumjui, ila tumempa ruhusa zote za mashine. Na kwenye mashine hiyohiyo ndiko tunakoskani vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, hati za nyumba za wazee wetu, mikataba ya mashamba ya Muheza na Pangani. Mteja anafungua barua pepe yake hapo, anaandika nywila, anaamini. Zungukeni barabara zetu za namba pale Ngamiani mwone watu wanavyopanga foleni wameshika bahasha. Wanawakabidhi amana wenye duka, na amana haiwekwi kwenye mlango uliovunjwa kufuli kwa makusudi.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haina tena msaada wa kawaida wa Microsoft, yaani masasisho ya kuziba mianya ya usalama. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa zilizomo kwenye orodha yao, kwa hiyo laptopu nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018, yaani mitumba tunayoitegemea, zimeachwa nje. Mashine nzima, kibodi nzima, diski nzima, halafu mama anayesomesha watoto kwa steshenari anaambiwa aitupe. Hiyo ni dhuluma.

Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Aina yake moja, Linux Mint, inatosheka na RAM ya GB 2, ingawa kwa GB 4 inakaa vizuri zaidi, na haimdai mtu pesa ya leseni. Faili la kupakua ni karibu GB 3. Unaliandaa kwenye flashi, unawasha kompyuta kwa flashi hiyo, unaijaribu kabla hujagusa chochote kwenye diski. Flashi ya yule dada niliichomeka kwenye laptopu yangu yenye Mint, na faili zake zote zikaonekana. Kirusi cha aina ile huficha faili halisi na kuweka shotikati mahali pake. Linux haifuati alama ile ya kuficha, wala haiendeshi shotikati za Windows. Tukaprinti, akatuma maombi yake.

Yapo ya kukubali. Printa nyingine zinasumbua kwa draiva, ile programu inayoiunganisha printa na kompyuta. Photoshop na Publisher hazina toleo la Linux, basi anayetengeneza kadi za harusi abaki na Windows moja kwa kazi hiyo, tena yenye leseni. Majedwali ya Word huhamahama yakifunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya ofisi tunayotumia kwenye Linux, na inaudhi kweli. Waambieni wateja walete kazi zao zikiwa PDF. Fomu za mkopo wa chuo na maombi ya ajira hujazwa kwenye brauza, na Firefox na Chrome zipo.

Lakini jibu la "hatuijui" silikubali. Android iliyomo kwenye simu zetu imejengwa juu ya kiini cha Linux. Na mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hawakuhitaji kumpigia magoti yeyote Marekani, kwa kuwa leseni ya programu huria inamruhusu kila mtu kuifungua, kuibadilisha na kuigawa. Tuliiacha ikapita, na inaniuma.

Wenye maduka wa Ngamiani, Makorora na Chumbageni, anzeni na kompyuta moja, ile inayopokea flashi za wateja. Hamisheni kwanza kazi zenu kwenye diski ya nje, jaribuni printa mkiwa bado kwenye flashi, kisha ndipo msakinishe. Asiyejua pa kuanzia aniite, nitakuja kuisakinisha bila malipo.